Kilichopita kooni

Mimi ni mpishi. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi hapa Langoni, Lamu, na Ramadhani ikiingia huoka mkate wa mofa. Ndiyo maana ugonjwa wa babangu niliuona kwenye sahani miezi kabla daktari hajauandika kwenye karatasi.

Ilikuwa Ramadhani ya 2021. Baba alimega mkate, akautafuna mpaka sisi tukamaliza uji, kisha akainuka haraka akaenda uani. Aliporudi mato yamemjaa machozi. "Mkate wako umekauka," akaniambia. Nilikasirika, Mungu anisamehe. Mkate wangu haukauki. Kesho yake nikaulowesha kwenye mchuzi, ukashuka, nikajiona nimeshinda.

Baada ya Idi nyama ikaanza kukwama. Halafu ugali. Halafu wali, mpaka niupike laini mno kama wa mtoto. Kila aina ya chakula ilipokataa nilishuka ngazi moja: nikaponda, nikachuja, nikaongeza tui. Nilidhani nahudumia uzee wa mtu wa miaka 71. Kumbe nilikuwa nahesabu namna njia inavyoziba. Kliniki tuliyoanzia walimpa dawa za vidonda vya tumbo, na kila tuliporudi walimpa zile zile, mpaka mwezi wa nane. Siku aliyosema "Mwanangu, hata mai hayapiti," alikuwa ameshatoka kilo 68 akafika 54.

Daktari mmoja alinieleza baadaye kwa nini tulichelewa hivyo. Umio, yaani lile koo la chakula, ni mrija wa kama sentimita 25, nao hunyumbuka. Uvimbe unaweza kuota ndani ukala nafasi kubwa na mtu bado anakula, anakunywa maji zaidi tu, anatafuna zaidi. Mkate unapogoma, nusu ya njia na zaidi imeshakwenda. Sasa nikimwona mtu mzima anasukuma kila tonge kwa maji, namuuliza mara mbili.

Tukavuka Mokowe, basi la Mombasa, Baba kakaa dirishani na kopo la kutemea mate, kwa sababu mate nayo yalikuwa hayashuki vizuri. Mombasa akapitishwa kamera mdomoni, wakanyofoa vipande vidogo vya nyama kwenda kupimwa. Majibu: saratani ya umio, ya seli bapa, ile aina inayoshika watu wengi zaidi upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Ipo nyingine ya seli za tezi, ambayo Ulaya na Marekani imeongezeka sana na huandamana na kiungulia cha miaka na unene. Tofauti hii si ya kitabuni tu, maana seli bapa huisikia mionzi zaidi, na kwetu hilo ndilo lililokuja kuamua mambo.

Daktari akauliza maswali yake. Tumbaku? Ndiyo, na tambuu yenye tumbaku ndani, miaka arobaini. Pombe? La. Vinywaji vya moto? Hapo mimi na kakangu tukatazamana. Baba ni wa kahawa ya barazani, ile inayomiminwa kutoka kwenye dele juu ya makaa, na sifa yake mjini ilikuwa kwamba yeye humaliza kikombe kabla wenzake hawajapuliza. Mwaka 2016 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vinavyopita nyuzi 65 katika orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hii. Si kahawa yenyewe, ni moto wake. Siku hizi chai yangu ya kuuza nawaachia wateja ipoe kidogo, wananung'unika, nami nawaacha wanung'unike.

Kisha vita vya nyumbani vikaanza. Kakangu alitaka Baba apasuliwe. Kwake kansa ni kitu kinachoondolewa. Ukikichoma tu umekibakisha. Shangazi, dadake Baba, alikuwa na imani iliyo kinyume kabisa: kansa ikiguswa na kisu inatawanyika. Mimi nilikuwa katikati, na nikiri kwamba sikuwa na hoja, nilikuwa na woga. Tulibishana kwa simu, tukabishana kwenye treni ya kwenda Nairobi, tukabishana mpaka kwenye foleni ya hospitali. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua upasuaji wenyewe unafanywaje.

Daktari bingwa wa upasuaji alitueleza kwa kuchora nyuma ya fomu. Wanafungua kifua na tumbo, wakati mwingine na shingo. Wanaondoa sehemu kubwa ya umio pamoja na tezi za limfu zinazouzunguka. Halafu tumbo, yaani ule mfuko wenyewe wa chakula, wanalikata wakalifanya mrija mwembamba, wakalivuta juu mpaka kifuani au shingoni na kulishona na kipande cha umio kilichobaki. Kakangu alinyamaza. Shangazi alishika kichwa. Baba, aliyejenga majahazi Matondoni tangu ujana, ndiye pekee aliyeitazama ile picha kama kazi.

"Mwatoa ubao uliooza, mwaziba kwa ubao wa jahazi lilo hilo," akasema.

"Hasa, Mzee."

"Na jahazi lenyewe, lahimili?"

Daktari aliweka kalamu chini. Sisi tulikuwa tumeuliza mambo yote isipokuwa hilo.

Jibu lilichukua siku tisa. Picha za siti skani za kifua na tumbo. Kamera nyingine, hii ya njia ya pumzi, kwa sababu uvimbe ulikuwa sehemu ya katikati ya umio, mahali unapopakana na koromeo la hewa, na ilibidi wajue kama umeshalitoboa au kulishika. Kipimo cha kupuliza pumzi. Na kipimo kisicho na mashine: muuguzi alimwambia apande ngazi naye. Ghorofa moja akasimama, mkono ukutani, miluzi kifuani. Miaka ya tumbaku na vumbi la mbao. Uvimbe wenyewe ulikuwa mrefu, umeegemea koromeo la hewa bila kulitoboa, na tezi kadhaa za kifuani zilikuwa zimevimba.

Wakatuambia: mionzi na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kwa pamoja, bila upasuaji. Mionzi mara 28, siku tano kwa wiki, na dripu ya kemo mara moja kwa wiki. Wakasisitiza kwamba wanakusudia kutibu, si kumtuliza tu. Kakangu aliposikia "bila upasuaji" alitoka nje akanipigia simu, na mimi niko ndani. "Wamemtupa," akasema. Hivyo ndivyo alivyosikia, na najua wengi husikia hivyo: kama hawakukati, basi washakukatia tamaa. Nilimwamini kwa wiki nzima.

Kwenye foleni ya mionzi ndipo nilipokutana na mama mmoja wa Malindi, mwenye miaka 54, aliyekuwa akija na binti yake. Nilipomwamkia alijibu kwa lahaja ya nyumbani nikataka kulia. Akawa dadangu papo hapo. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule, seli bapa, lakini chini karibu na tumbo, mfupi, na tezi mbili tu zilizotiliwa shaka. Hakuwahi kuvuta wala kutafuna tumbaku. Ngazi alipanda ghorofa tatu huku anaongea. Yeye alipangiwa mionzi mara 23 na kemo ile ile, apumzike wiki kadhaa, kisha apasuliwe.

Ishirini na tatu na ishirini na nane. Tulizihesabu kwenye vidole vya watu wawili. Mpango wake, nilikuja kuelewa, ulitokana na utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012: waliopewa mionzi na kemo kabla ya kupasuliwa, nusu yao walikuwa hai baada ya miezi 49, na kwa waliopasuliwa moja kwa moja ilikuwa miezi 24. Maana yake hata "aliyepasuliwa" hakutibiwa kwa kisu peke yake. Kakangu alipinga mionzi kwa niaba ya upasuaji, na kumbe aliyekuwa akipasuliwa alikuwa akipigwa mionzi kwenye mashine ile ile, kiti cha tatu kutoka kwetu.

Jambo moja dogo lilinifungua macho. Baba aliwekewa mpira wa kulishia tumboni, unapita moja kwa moja kwenye mfuko wa chakula. Dadangu wa Malindi naye alikuwa hawezi kula, lakini mpira wake uliwekwa chini zaidi, kwenye utumbo mwembamba. Nikauliza kwa nini wasimwekee sawa. Muuguzi akasema tumbo lake wanalitunza, hawataki kulitoboa, ndilo litakalokuwa umio wake mpya. Nikalifikiria kama kitambaa ambacho fundi hataki kikunjwe kabla ya kukatwa.

Wiki mbili za kwanza za mionzi hazina habari. Ya tatu ilikuwa kitu kingine. Koo la Baba lilichubuka kwa ndani, hata mate yalimwasha kama pilipili, na ngozi ya kifua ikaiva ikawa nyeusi. Mtu aliyekuwa ameanza kumeza maji akaacha tena. Shangazi alipiga simu kila jioni: "Mionzi inamuua, mrudisheni." Nusura tumrudishe. Tulichokuwa hatujui ni kwamba kuzorota huko hutarajiwa, kwa sababu mionzi huchoma uvimbe pamoja na ngozi isiyo na ugonjwa, na kwamba kuikatiza katikati huupa uvimbe nafasi ya kuota tena. Ndiyo maana nilikasirika zaidi mashine ilipoharibika siku nne na tukaambiwa tungoje tu, bila hata mtu wa kutueleza kama siku hizo zitafidiwa. Nilipiga kelele siku hiyo. Zikafidiwa.

Kwenye chumba cha kupanga nilikuwa na jiko la gesi la mtungi mdogo na mashine ya kusagia. Uji wa mtama uliochujwa mara mbili, tui jepesi, mayai yaliyopigwa ndani, mafuta ya nazi kijiko kimoja kwa siku, supu ya samaki isiyo na mwiba wala kiungo. Vyote kwa sirinji, kupitia mpira, taratibu, Baba ameketi wima. Ukimpa haraka inarudi. Ukimlaza mapema inarudi. Baba alinitazama siku moja nikimimina supu ya changu kwenye bomba la plastiki, akasema, "Changu mzuri huyo, na ulimi hauyui." Nikapaka tone moja mdomoni mwake. Alifumba mato.

Tukamaliza mwezi wa kumi na mbili. Tukarudi Lamu. Mwezi wa pili mwaka 2022 alimeza wali laini kwa mchuzi, mbele yangu, kijiko kwa kijiko, sahani nzima, na mpira ukatolewa baadaye.

Mwezi huo huo dadangu wa Malindi alipasuliwa. Alikaa muda wa saa nane nzima katika chumba cha upasuaji. Siku ya sita mshono wa shingoni ukavuja, homa ikapanda, akarudishwa chumba cha wagonjwa mahututi. Binti yake alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti usiku, na wakati mwingine ulikuwa ni kimya tu cha nusu dakika na mlango unafungwa. Mshono wa shingoni, waliambiwa, afadhali uvujie nje kuliko kifuani. Ulijiziba. Alitoka hospitali baada ya wiki tano, sauti imekwaruza kwa sababu mshipa wa sauti uliguswa, uzito umeshuka kuliko wa Baba.

Kwa hiyo ukituona mwezi wa nne wa mwaka huo, ungesema sisi ndio tuliochagua vizuri. Babangu anakula wali, anakwenda baraza, ananichagulia samaki. Dadangu wa Malindi analala nusu ameketi juu ya mito mitatu kwa sababu mlango wa tumbo haupo tena na chakula hupanda, anakula kidogo kidogo mara saba kwa siku, na siku alipojisahau akala kipande cha halwa alitokwa jasho, moyo ukamwenda mbio, akalala sakafuni jikoni. Sukari ilishuka kwenye utumbo kwa kishindo, hakuna mfuko wa kuishikilia. Alinipigia kuniuliza, mpishi kwa mgonjwa: mtu wa Pwani ataishije bila kitu kitamu? Nikamwambia ajaribu tende moja, katikati ya chakula, si peke yake. Ilikubali.

Mwaka mmoja Baba alikula. Nauhesabu mwaka ule kwa milo. Kisha mwezi wa tatu 2023, mkate tena. Nilijua kabla ya kamera. Uvimbe ulikuwa umerudi pale pale ulipokuwa.

Upasuaji haukuwezekana mwanzo, na sasa ndio kabisa. Mionzi pale pale isingerudiwa kwa kipimo kile. Wakatushauri stenti: mrija wa waya za chuma uliokunjwa, unashushwa kwa kamera mpaka kwenye uvimbe, ukiachiwa unajitanua na kusukuma ukuta. Hakuna kukatwa. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imewawekea maelfu ya wagonjwa wa ugonjwa huu, na ujuzi huo umesambaa. Sisi tuliwekewa Mombasa. Asubuhi aliingia hamezi mate, jioni alikunywa maziwa. Kifua kilimuuma siku tatu. Baada ya hapo nikapewa sheria mpya za jiko: nyama ya nyuzi hapana, mkate mbichi hapana, kila kitu kiwe laini, na akimaliza anywe soda mapovu yasafishe waya. Baba, aliyekuwa haigusi soda maisha yake yote, akawa na chupa yake barazani. Wazee wenzake walimcheka na kahawa zao mikononi.

Stenti haitibu. Hufungua mlango, basi. Iliufungua miezi minne, na katika miezi hiyo alikula kwa mdomo. Alifariki nyumbani, mwezi wa nane, dawa ya maji ya maumivu ikimtuliza, na muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, akituongoza kwa simu. Kabla ya siku hizo za mwisho Shangazi alimuuliza kama anajuta hakukatwa. "Niwateni," akasema. "Ningekatwa ningekufia Nairobi."

Kakangu hakukubali. Baada ya arubaini alisema lile nililokuwa nikilingoja: yule mama wa Malindi yuko hai, alipasuliwa, Baba hakupasuliwa, hayuko. Kwake hesabu ilikuwa imekamilika. Usiku ule sikulala, kwa sababu kwa macho ndivyo ilivyoonekana.

Mpwa wangu anasomea uuguzi, nikampelekea swali. Akaniuliza unga wa mahamri nauchekecha kwanza au la. Nauchekecha. "Sasa ukilinganisha mahamri ya unga uliochekechwa na ya makapi yaliyobaki juu, utasema sifa ni ya mafuta ya kukaangia?" Wanaopelekwa kwa upasuaji, akasema, washachekechwa: mapafu mazuri, uvimbe mfupi, tezi chache, umri mdogo. Wangeishi zaidi hata wangetibiwa vingine. Ili kulinganisha kwa haki lazima watu wanaofanana wagawanywe kwa kura, na hilo limefanywa. Wajerumani mwaka 2005 na Wafaransa mwaka 2007 waliwapa wagonjwa mionzi na kemo, wengi wao wa seli bapa, kisha baadhi wakapasuliwa na wengine wakaendelea bila kisu. Waliopasuliwa uvimbe uliwarudia pale pale mara chache zaidi. Lakini waliofariki mapema kutokana na matibabu yenyewe walikuwa wengi zaidi upande wa upasuaji, na mwisho wa hesabu muda wa kuishi haukutofautiana waziwazi.

Nilimsomea kakangu kwenye simu. Akasema, "Kwa hiyo uvimbe wa Baba kurudi pale pale..." Nikamwambia ndiyo, hilo kisu hupunguza. Sikumficha. Ila kwa mapafu yale, angeweza asivuke hata wiki ya kwanza ya mashine ya kupumulia. Akakata simu. Siku hizi tunazungumza mambo mengine.

Mwaka 2025 mpwa wangu akaniletea habari nyingine, tena ya Uholanzi: wagonjwa ambao baada ya mionzi na kemo vipimo havikuona tena dalili ya uvimbe, waliachwa bila kupasuliwa wakafuatiliwa kwa karibu, apasuliwe tu yule ambaye uvimbe umemrudia. Kwa miaka miwili hawakufa zaidi ya waliopasuliwa wote. Ni habari njema, na nilifurahi, halafu nikaanza kuhesabu nauli. Kufuatiliwa kwa karibu ni kamera na picha kila baada ya miezi michache. Kutoka Lamu hiyo ni boti, basi, kulala Mombasa, pengine Nairobi, na mtu wa kukusindikiza aache kazi. Mimi na Baba tuliahidiwa vipimo vya miezi mitatu mitatu. Tulienda viwili, cha tatu alisema mbona nakula, twendeni wapi? Nami nilikuwa na harusi ya kupikia. Hilo nalibeba mwenyewe.

Dadangu alikuja Maulidi ya mwaka huo, na binti yake, na mto wake wa kulalia. Sauti bado ina mkwaruzo. Nikamtandikia ukumbini, nikamwekea samaki wa kupaka, wali kidogo, na mkate wa mofa kwa sababu aliuomba mwenyewe. Nilikaa mbali kidogo ili nisimhesabie, nikamhesabia. Alimega kipande cha ukubwa wa kucha. Alitafuna, akatafuna, akameza, akangoja mkono ukiwa kifuani. Kisha kingine. Maji hakuyagusa mpaka alipomaliza, na kumaliza kwake kulikuwa robo ya mkate. Uliobaki aliufunga kwenye karatasi akautia mkobani, tukaendelea na mazungumzo, matwari yakisikika kutoka msikiti wa Riyadha.

Baada ya saa moja nikasikia karatasi ikifunguliwa.